Vifaa vya kidijitali kwenye somo la Kiingereza: dalili, chanzo na tiba, kuanzia dawati la nyuma

Mwaka fulani nilipewa kidato cha kwanza, mkondo wenye wanafunzi 80, na nikaingia darasani na spika ya Bluetooth niliyoinunua kwa hela yangu. Nikawachezea mazungumzo ya dukani, mtu ananunua viatu. Waliokaa mbele wanaitikia kwa vichwa. Nikauliza swali jepesi kabisa: anataka viatu vya rangi gani? Mbele mikono kumi juu. Nyuma kimya, macho chini. Nilishaanza kukunja uso. Kisha nikamwambia monita abonyeze yeye, nikaenda kukaa dawati la mwisho karibu na dirisha. Nilichosikia ni ngurumo ya besi, feni, na mtu anayesema "uu... oo... uu". Mimi mwenye maandishi mkononi sikuambulia rangi ya viatu.

Tangu siku hiyo, kila kifaa kinapogoma katika somo hili naanza uchunguzi kutoka dawati la nyuma. Haya nayaandika kwa mwalimu mwenzangu wa shule ya kawaida: projekta moja ya shule nzima, simu yako mwenyewe, labda kishikwambi kimoja kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa kwa walimu. Wanafunzi hawana simu, maana shule nyingi haziruhusu. Na wengi wao wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, wakaamka Januari moja wakakuta baiolojia, jiografia na hesabu vyote vimegeuka Kiingereza.

Kabla ya kugusa waya wowote

Pima. Kipimo hiki hakizidi dakika tatu na kimeniokoa mara nyingi kuliko fundi yeyote. Chukua sentensi tano za kile ulichowachezea. Zisome kwa mdomo wako, kwa kasi ya kawaida, ukiwa umesimama mbele. Wakielewa, mgonjwa ni sauti ya kifaa. Wasipoelewa, ziandike ubaoni. Wakielewa sasa, mgonjwa ni sikio: maneno wanayajua kwa macho, kwa kusikia hawayajui. Na kama hata ubaoni hawaelewi, hakuna spika itakayokusaidia. Umechagua kitu kilichowazidi, rudi kwenye msamiati.

Wengi tunaruka kipimo hiki. Tunanunua spika kubwa zaidi kutibu msamiati, au tunarudia msamiati wiki nzima kutibu jeki mbovu, ile ncha ya waya wa sauti inayochomekwa kwenye spika.

"Teacher, hatusikii"

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote na ina vyanzo vingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chanzo cha kwanza ni besi. Spika nyingi za madukani zimetengenezwa kwa ajili ya muziki, na anayeuza anakuonyesha kishindo. Lakini maana ya neno la Kiingereza mara nyingi imejificha kwenye konsonanti nyembamba, s, f, t, th, ambazo mlio wake uko juu kabisa, mbali na besi. Simu za mezani za zamani zilikata kila kilichozidi hezi 3400 hivi, ndiyo maana mtu alilazimika kuuliza "S ya Salma au F ya Fatuma?" Spika yenye besi nzito inafanya jambo linalofanana na hilo kwa njia nyingine: haizikati hizo sauti nyembamba, inazifunika. Fungua faili lako kwa programu ya VLC, ambayo ni ya bure kwenye simu na kwenye kompyuta, tafuta sehemu ya kusawazisha sauti (equalizer), shusha vijiti vya besi, vya 60 na 170, kisha pandisha kidogo vya sauti nyembamba, vya 3K na 6K. Sauti itakuwa kavu, haitapendeza kwa muziki. Wanafunzi wa nyuma wataanza kutofautisha "sit" na "fit".

Chanzo cha pili tunakisababisha wenyewe: kuongeza sauti. Darasa la matofali, sakafu ya saruji, bati lisilo na dari, ndani yake sauti inagonga kuta na kurudi tena na tena, ikafunika neno linalofuata. Ukiongeza sauti, mwangwi nao unaongezeka kwa kiasi kilekile, na neno linabaki palepale lilipopotelea. Dawa ni kusogeza spika karibu na watu. Iweke juu ya stuli katikati ya darasa, usawa wa masikio, badala ya kwenye meza yako mbele. Ukipata spika mbili ndogo, moja kila upande, sauti ya wastani, ni bora kuliko moja kubwa inayopiga kelele mbele.

Kuna dalili moja ya ajabu ambayo ukiijua utaonekana mganga: muziki wa utangulizi unasikika vizuri, ila mtu anapoanza kuongea anasikika kama yuko kisimani, au hasikiki kabisa. Usilaumu faili. Jeki haijaingia hadi mwisho, au uzi wa ardhi ndani ya waya umekatika. Hapo spika inapokea tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia tu, na sauti ya msemaji, ambayo kwa kawaida hurekodiwa sawa pande zote mbili, inajifuta yenyewe. Sukuma jeki mpaka isikike "tak". Ikiendelea, badilisha waya.

Kompyuta iliyounganishwa na projekta kwa HDMI ikiwa bubu, sauti imehamia kwenye projekta, ambayo ama haina spika ama ina kispika cha kunong'ona. Bonyeza alama ya spika pembeni kulia chini, chagua upya sauti itokee wapi. Basi.

Mvua ikinyesha juu ya bati, zima. Hakuna tiba. Siku za masika huwa naandaa kabisa kazi ya kusoma, naiweka kwenye begi kama mwavuli.

Sauti ni safi, lakini wanatazamana

Kipimo kimekuonyesha kwamba ubaoni wanaelewa. Basi tatizo ni sikio, na hapa inabidi ujue Kiswahili kimewafundisha nini kuhusu sauti.

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza, kile kinachofuatwa na vitabu vyetu vingi, huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zinazokaribia 20 ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka moja kwenda nyingine. Kwa hiyo "cat", "cut" na "cart" vyote vinaingia kwenye sikio la mtoto kupitia mlango mmoja wa "a". Mkazo nao: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Mwanafunzi aliyejifunza neno "vegetable" kwa kulisoma amelihifadhi kichwani kama ve-ge-TA-bo, silabi nne, nguvu kwenye TA. Rekodi inapotamka silabi tatu na nguvu mwanzoni kabisa, yeye anasubiri TA ambayo haiji. Neno analijua, limepita mbele yake, hakulitambua. Ni kama kumsubiri mgeni stendi ukiwa na picha yake ya miaka ishirini iliyopita.

Walimu wengi hapa wanapunguza kasi. VLC inaweza kuipunguza bila kuharibu sauti, na 0.8 inatosha. Ukishuka chini ya 0.7 msemaji anakuwa kama mlevi, na unachofundisha si Kiingereza tena. Binafsi naona kusimamisha kunasaidia kuliko kupunguza kasi. Cheza sentensi moja kwa kasi yake halisi, simamisha, wape sekunde tano waandike walichosikia, hata kama ni nusu, cheza tena. Ukitaka kuiandaa nyumbani, programu ya Audacity, nayo ya bure, inakuwezesha kupachika ukimya baada ya kila sentensi, ili darasani mikono yako iwe huru na wewe uwe unazunguka.

Kisha waonyeshe maandishi na waulize neno gani liliwapotea. Hayo yaliyopotea ndiyo somo la kesho. Usiyabuni ofisini.

Kuna pia suala la nani anaongea. Vipindi vya BBC Learning English vya dakika sita ni vizuri, lakini vimelenga watu wenye kiwango cha kati. Mtoto wa wiki ya tatu ya kidato cha kwanza anazama humo. Anza na sauti anazozizoea: jirekodi wewe, mrekodi mwalimu wa fizikia, mrekodi mtu anayezungumza Kiingereza cha Nairobi au Kampala. Ongeza ugeni taratibu. Wapo watakaosema "huyo si mzawa wa lugha". Ni kweli, na mwalimu wa kemia atakayemfundisha miaka minne ijayo si mzawa pia.

Simu inaandika mambo mengine kabisa

Zoezi hili nalipenda. Unafungua sehemu ya kuandika kwa sauti kwenye simu, mwanafunzi anaongea Kiingereza, simu inaandika alichosikia. Darasa linacheka, linajifunza. Lakini lina mitego.

Dalili ya kwanza: kila mtu anaandikiwa upuuzi, hata mwalimu. Tazama lugha ya kibodi kabla ya kitu chochote. Ikiwa imewekwa Kiswahili, simu inalazimisha Kiingereza kiwe Kiswahili. Ikiwa ni Kiingereza cha Marekani, jaribu kingine. Kwenye orodha ya Google kipo pia Kiingereza cha Kenya na cha Tanzania. Kelele za darasa zinachangia pia. Maikrofoni ya simu iwe kiganja kimoja kutoka mdomoni, na wengine wanyamaze kwa zamu. Mlangoni au chini ya mwembe ni bora kuliko ndani.

Dalili ya pili ni kinyume chake na ndiyo hatari zaidi: simu inaandika sahihi wakati mtoto ametamka vibaya. Mtoto anasema "I eat lice and beans", simu inaandika "rice". Mashine haisikilizi sauti peke yake, inakisia pia kutokana na maneno ya jirani, na wali na maharage huandamana. Imemfichia kosa. Mwanafunzi anayetoka kwenye lugha ya nyumbani isiyotenganisha l na r ataondoka akiamini yuko sawa.

Dawa ni kumpa sentensi ambayo maneno yote mawili yanakaa sawasawa, mashine ikose pa kukisia. "I saw a ship" na "I saw a sheep". "They want to live" na "They want to leave". Hapo simu haina budi kusikiliza. Neno moja pekee lisilo na sentensi usilitumie. Mashine yenyewe hubabaika nalo, utamwonea mtoto.

Dalili ya tatu: vokali inaongezeka mwishoni au katikati, "buku" kwa "book", "nekisiti" kwa "next", na simu inaandika vitu vya kuchekesha. Maneno ya Kiswahili humalizikia kwa irabu, ulimi unatafuta pa kutua. Usimwambie "usiongeze i", haisaidii. Mrekodi, mchezee, kisha mwambie anong'one neno lile. Kwenye mnong'ono ile irabu ya ziada hukosa nguvu, na yeye mwenyewe anaisikia inapochungulia.

Na jambo moja ambalo vitabu vingi haviwezi kukuambia kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya watu wengine: ile "th" inayowasumbua wanafunzi wa nchi nyingi, sisi tunayo. Ya "think" imo kwenye thelathini, ya "this" imo kwenye dhahabu. Mtoto wa pwani hana kazi hapo. Wa bara anayesema "selasini" na "zahabu" mrekebishe kwa Kiswahili kwanza, dakika tano, halafu rudi kwenye Kiingereza. Nimeona simu ikianza kuandika "think" badala ya "sink" siku hiyohiyo.

Video imewafurahisha, na hakuna kilichobaki

Wamecheka, wamepiga makofi, wameomba irudiwe. Unauliza: alisema nini? Wanakusimulia hadithi nzima kwa Kiswahili, kamili, bila neno hata moja la Kiingereza. Chanzo ni kwamba picha imefanya kazi yote. Mtu akikimbia huku anafukuzwa na mbwa, hakuna haja ya kusikiliza anachopiga kelele.

Funika picha. Wachezee sauti tupu kwanza, wakisie kuna watu wangapi, wako wapi, wamekasirika au la. Picha ije mwisho kama jibu la kitendawili. Kuhusu maandishi ya chini: ya Kiswahili yanawafanya wasome Kiswahili na masikio yakapumzika. Ya Kiingereza yanasaidia kuunganisha sauti na tahajia, mradi yaje mara ya pili, si ya kwanza. Yale yanayojiandika yenyewe YouTube yakague kabla, hasa majina ya watu na mahali, maana hukosea na mtoto anaamini kilichoandikwa.

Njia niipendayo zaidi nimeiiba kwenye kibanda umiza. Kizazi kizima huku kwetu kimetazama sinema za Marekani, za Kihindi na za Kichina huku DJ akisimulia juu yake kwa Kiswahili, kama DJ Afro anavyofanya Kenya. Basi geuza. Zima sauti ya video, dakika moja tu, mwanafunzi awe DJ, asimulie kwa Kiingereza kinachotokea. "Now he is opening the door. He don't know..." na darasa zima linamrukia: "doesn't!" Wakati uliopo unaoendelea, ambao ubaoni huwa nauhubiri wiki mbili, unatoka wenyewe.

Ukutani haionekani

Projekta ndogo ya bei rahisi kwenye darasa lisilo na mapazia haitashinda jua. Kwa mchana unahitaji kuanzia lumeni 3000 (lumeni ni kipimo cha mwanga), na usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi kama chapa huijui. Kwa ile uliyonayo: isogeze karibu na ukuta. Picha ikipungua upana kwa nusu, mwanga uleule unaangukia eneo dogo mara nne, inang'aa. Tumia kona iliyo mbali na madirisha, herufi nyeusi kwenye mandhari nyeupe, mistari isiyozidi sita. Nenda dawati la nyuma usome. Huwezi? Nao hawawezi.

Umeme, bando, na faili linalogoma

Projekta ya wati 250 na laptop ya 50 ni wati 300. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 (ampea-saa) ina wati-saa 1200, lakini ya asidi usiishushe zaidi ya nusu, kwa hiyo una saa mbili hivi, kasoro kile kinachopotea kwenye inveta. Yaani vipindi viwili salama. Kama umekatika na huna betri, simu na spika ya chaji vinatosha kwa somo zuri la kusikiliza. Wala simwonei huruma sana mwalimu aliyeahirisha kipindi cha lugha kwa sababu ya umeme.

Usifundishe kwa kutegemea intaneti ya wakati ule. Pakua usiku. Sauti ya mtu anayeongea haihitaji ubora wa muziki: MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde hula KB 480 kwa dakika, mazungumzo ya dakika tano ni MB 2.4 tu. Video ya dakika hizohizo itakula bando mara kadhaa ya hapo. Kama shule ina kompyuta moja nzima, weka Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti: masomo yanakaa kwenye kompyuta hiyo na vifaa vingine vinayapata kwa Wi-Fi ya humohumo darasani.

Video inafunguka kwenye simu, inagoma kwenye runinga ya shule? Mara nyingi imebanwa kwa mfumo mpya ambao runinga haiujui. Ibadilishe iwe MP4 ya H.264, mfumo wa zamani kidogo, kwa programu ya HandBrake. Runinga haioni flashi kabisa? Iumbe upya (format) kwa mpangilio wa FAT32, ukijua kwamba faili linalozidi GB 4 halitaingia. Na flashi iliyotoka stationery ikiwa imejaa njia za mkato badala ya mafaili yako, usibonyeze chochote. Ni kirusi.

Kundi la WhatsApp limejaa "Noted teacher"

Likizo inafika, umefungua kundi, watu 60, umetuma kazi. Watatu wanajibu, walewale. Wengine vidole gumba. Kabla ya kuwaita wavivu, jiulize simu ni ya nani. Ni ya mama, na mama yuko sokoni nayo mpaka saa moja jioni. Ukituma kazi saa nne asubuhi na kutaka majibu saa nane mchana, umewafungia mlango. Tuma jioni, pokea kesho yake usiku.

Chanzo kingine ni aibu. Kuandika Kiingereza kibovu mbele ya watu 59, wakiwemo wazazi wao, ni adhabu. Acha kundi kubwa liwe la matangazo, wasimamizi pekee ndio waandike, na majibu yaje kwako moja kwa moja. Na badala ya kuandika, omba ujumbe wa sauti, sekunde 20, usizidi. Sekunde 20 hazitishi, hazili bando, na wewe unaweza kusikiliza arobaini kabla ya kulala. Jibu nawe kwa sauti, sahihisha kosa moja tu. Moja. Ukisahihisha matano, kesho hatumi. Kumbuka WhatsApp inaweza kukimbiza sauti lakini si kuipunguza chini ya kasi ya kawaida, kwa hiyo wewe mwenyewe ongea polepole.

Kiingereza kimenyooka usiku mmoja

Jana aliandika "My mother he is a nurse". Leo insha haina kosa na ina neno ambalo wewe ulilitafuta kwenye kamusi. Ni mashine, hakuna siri. Ila kuna mashine mbili tofauti hapa, na usizichanganye.

Ya kwanza ni ya kutafsiri. Mtoto amewaza kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiswahili, simu ikageuza. Mara nyingi hukosea pale ambapo Kiswahili hakisemi kila kitu: "yeye" haitaji jinsia, mashine inabahatisha he au she. "Pole" inakuwa "sorry", kana kwamba aliyesema ndiye aliyemkanyaga mgonjwa. "Paa" inaweza kuwa la nyumba au mnyama wa porini. Huyu mwanafunzi simkatazi, namgeuza mwalimu. Naweka sentensi za mashine ubaoni, tano, mbili zina kosa, watafute. Naongeza na zile ambazo mashine inapata na wao wanakosa: "nimefika jana" wao wanaandika "I have arrived yesterday", kwa sababu -me- wamefundishwa kuwa ni "have". Kumshika mashine kosa kunawapa raha ambayo sijawahi kuipata kwa kalamu nyekundu. Na anayeweza kumsahihisha mashine ameshajua.

Ya pili ni ile inayotunga yenyewe, ChatGPT na ndugu zake waliokuja tangu mwisho wa 2022. Usikimbilie programu zinazodai kuigundua. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walikiondoa kigunduzi chao Julai 2023 kwa kukosa usahihi, na mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba vigunduzi vilizipachika alama ya "mashine" zaidi ya nusu ya insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Maneno yao ni rahisi, sentensi zao ni za kawaida, ndizo zinazofanana na za mashine. Utamwadhibu aliyejitahidi.

Tibu swali lako. "Andika kuhusu umuhimu wa maji" ni swali la mashine. "Nani anachota maji kwenu, saa ngapi, na jana alisema nini aliporudi?" hilo linamtaka mtoto. Rasimu iandikwe darasani kwa mkono. Kisha mwite, muulize sentensi mbili za insha yake kwa mdomo. Asiyejua neno alilolitumia atakutazama kama alivyotazama siku ya spika.

Maswali ya ushindani yanawachosha walewale

Michezo kama Kahoot hupendelea mwenye kidole chepesi na mtandao mzuri, na kwa kawaida huhitaji kila mtu awe na kifaa. Jaribu Plickers: kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi (zipo 63 tu, kwa hiyo darasa la 80 wengine washirikiane), anaigeuza kulingana na jibu lake, simu yako peke yake inazipiga picha zote na kuhesabu. Ukiona nusu ya darasa wamechagua B, usisome jibu. Waambie wabishane na jirani kwanza, kwa Kiingereza, dakika moja, kisha wapige tena.

Kila kitu kinafanya kazi, na bado hawazungumzi

Spika safi, picha inang'aa, kazi zinarudi. Ukimsimamisha mmoja, ulimi umefungwa. Piga hesabu: kipindi cha dakika 40, wanafunzi 80. Hata ukinyamaza wewe kabisa na kila mmoja akaongea kwa zamu, kila mtu anapata sekunde 30. Na wewe hukunyamaza, na video ilikula kumi. Vifaa vyako vyote vimekuwa vya kuwasikilizisha.

Punguza vya kuingiza, ongeza vya kutoa. Sauti ya dakika moja, kisha dakika nane za wawili wawili, madawati yote kwa pamoja. Kutakuwa na kelele, mwalimu wa darasa jirani atachungulia, mwambie ni somo. Wewe pita na simu au kishikwambi, rekodi jozi tano, sekunde thelathini kila moja, anza na za nyuma. Kipindi kinachofuata ndicho utakachowachezea badala ya viatu vya London: sauti zao. Watasikiliza kwa makini ambayo hujawahi kuiona, kwanza kwa kucheka, halafu kwa kusahihishana.

Uwaombe ruhusa kabla, na rekodi zisitoke nje ya shule. Kila faili lipe jina la tarehe na mkondo, usiliache na zile namba za simu zisizosomeka. Juni mkikaribia kufunga, tafuta la Januari la jozi ileile, waweke spika katikati ya darasa, wacheze, na wewe nenda ukakae dawati la nyuma.